Kijana Asiye na Uso

Mkesha wa Krismasi mama yake aliweka mezani sahani tupu ya mgeni asiyetarajiwa, kama ilivyo desturi ya kila nyumba mjini Lodz. Bogna alikwepa kuitazama. Asubuhi alikuwa ameiona kwenye kompyuta, ndani ya mchezo ambao kaka yake Witold alikuwa akiutengeneza, akafa bila kuumaliza: jiko lilelile, meza ileile, na mbele ya sahani ya mgeni amekaa kijana. Ukimzunguka, hana uso. Witold hakuwahi kuuchora.

Chuoni kulikuwa na kozi mbili za michezo ya kompyuta, uchoraji na uandishi wa programu, na Bogna alikuwa hajachagua.

"Nikisoma uchoraji, mama, nitampa uso."

"Uso upi?" Mama alikuwa akipakua supu ya bitiruti. "Wewe bado unaukumbuka wa kaka yako? Mimi nimeanza kuuchanganya na wa baba yako. Na hiyo kozi nyingine?"

"Ningeweza kumfanya asimame, atembee."

"Soma hiyo. Amekaa mno, mwanangu. Mwache atoke."

Bogna akakubali. Ndipo alipoona kwamba sahani ya mgeni haikuwa tupu tena. Mama alikuwa ameipakulia, na supu ilikuwa ikifuka mvuke.