Mtaro wa Mama Eugénie

Watu wa avenyu yetu, huku Keshero, ni mafundi wa kungoja. Tunangoja umeme, tunangoja bomba la maji, tunangoja amani, na tunangoja kwa adabu. Mama Eugénie hakuwahi kujifunza ufundi huo. Alishuka kutoka milima ya Masisi akiwa mjane, akawa anaponda mawe ya volkeno na kuwauzia wajenzi. Kule kwao njia ikiharibika, kila nyumba hutengeneza kipande chake. Alidhani na mjini ni hivyo, maskini.

Shida yetu ilikuwa mtaro. Ulipita mbele ya kila mlango kuelekea ziwani, lakini ulijaa mawe na takataka. Mvua ikinyesha, maji yalisomba uchafu wa vyoo na kutuingizia nyumbani. Msimu wa mvua uliotangulia Joyeuse, mjukuu wa Mama Eugénie, alishikwa na kipindupindu akabaki ngozi na mifupa. Alipona, lakini bibi yake aliapa kwamba maji yale hayatauvuka mlango wake tena.

Alimwendea Papa Onésime, shefu wa avenyu, naye akatangaza salongo, kazi ya watu wote ya Jumamosi. Alituambia mkutanoni kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na Jumamosi ilipofika akashikwa na mafua. Kila mtu alipiga hesabu ileile: wengine wakichimba, maji yatapita hata kwangu, basi nichoke ya nini? Na kwa kuwa sote tuna akili, hakuna aliyekuja. Mama Eugénie alichimba peke yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, akivunja mwamba kwa nyundo yake, mpaka maji yakapata njia hadi ziwani. Wapita njia walimpa pole. Pole haina mpini.

Kisha likaja gari la mradi fulani wa misaada, likitafuta avenyu zilizoharibiwa na maji. Watu wa mradi waliutazama mtaro, wakasifu, wakasema hapa hakuna haja ya msaada, wakaenda zao mtaa wa Lac Vert. Hapo mtaa ukawaka moto. Turubai, sabuni, ndoo, labda hata pesa, vyote vimepotea kwa sababu ya mwanamke mmoja asiye na subira! Ikaamuliwa mtaro uzibwe kabla gari halijapita tena. Kesho yake asubuhi, wale waliokosa chepe kila salongo walikuja nazo wote, na mbele yao Papa Onésime, mzima wa afya.

"Mama, unatuharibia projet," alisema. "Tutaziba hii mtaro. Bakirudi batakuta shida, batatusaidia."

Mama Eugénie alikuwa amekaa ukingoni, nyundo mapajani. Hakuomba wala hakulia. Nilimpenda sana siku ile.

"Muzibe," alijibu. "Lakini kila mutu aanze mbele ya mulango yake. Papa shefu, wewe njo wa kwanza."

Onésime aliutazama mlango wake, kisha wingu zito juu ya ziwa. Akamwomba jirani aanze. Jirani akasema si heshima kumtangulia shefu. Wenye nyumba za chini walitaka wa juu waanze, wa juu wakaapa kwamba mtaro huzibwa kutoka chini. Kila mmoja alitaka uzibwe, ila kwa mwenzake.

Mama Eugénie aliwasikiliza mpaka akachoka, akasimama.

"Sitaki asante yenu," alisema. "Mvua ikikuja, maji itapita vizuri mbele ya kila mulango, hata ya mwenye ananitukana. Lakini mwenye angali anataka kuziba, aite Joyeuse kwanza. Amuambie yeye mwenyewe atagonjwa tena sababu ya ndoo gani ya projet."

Hakuna aliyemwita. Matone yakaanza, watu wakakimbilia majumbani na chepe zao. Mvua ilipiga mpaka mchana, na nyumba zote zikabaki kavu, hata ya Papa Onésime.