Alama Mbili za Mjomba

Mkuu wangu wa kazi alirudi kutoka semina na neno jipya mdomoni, API, yaani mlango wa mtandaoni wa kuiuliza programu nayo ikajibu, akalitafuna wiki nzima kama muwa. Ofisi yetu ya Korogwe ilikuwa ikifuatilia maji ya malambo ya Handeni. Kila asubuhi walinzi wa malambo walinitumia ujumbe kusema maji yamefika alama ya ngapi kwenye nguzo ya kupimia, na programu niliyoiandika mwenyewe ilichambua namba hizo kwenye kompyuta yangu. Lambo likishuka chini ya alama nne, mifugo inafungiwa na maji yanabaki ya watu.

"Hiyo programu yako iweke mtandaoni," aliniagiza. "Mtendaji wa kijiji akiuliza kwa simu, ijibu yenyewe. Siyo mpaka akupigie wewe."

Nilimchukia kwa maneno yale, na sioni haya kusema. Programu ile niliishona kwa ajili ya mkono wangu, na ilikuwa na viraka nilivyovijua mimi peke yangu. Kimoja kilikuwa cha mjomba, kaka yake mama, mlinzi wa lambo la kijijini kwao. Mjomba alikuwa na ng'ombe, basi alikuwa akiongeza namba ili lambo lisifungwe. Nilikwenda mara mbili nikapima kimyakimya, na mara zote nikakuta alama mbili za uongo. Mjomba hasutwi. Niliandika mstari mmoja wa kupunguza mbili, na kwenye safu ya maelezo nikajiwekea kumbukumbu: "Mlinzi ana ng'ombe, anaongeza." Yeye akaongeza, mimi nikapunguza, na sikukuu tukala pilau sinia moja.

Nilimwomba mkuu mwezi mmoja niisafishe kwanza. Akanipa siku nne, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja.

"Mwezi wa nini? Si ipo tayari?"

Nikasema moyoni, mnataka kila kitu, chukueni kila kitu. Nilipaswa kuchagua safu zipi zitoke kwenye jibu. Kwa hasira sikuchagua, nikaziachia zote. Wageni walipiga makofi, mkuu akatabasamu kama vile kaiandika yeye.

Wiki iliyofuata mtendaji aliuliza habari za lambo la mjomba katikati ya mkutano wa kijiji, akasoma jibu kwa sauti mpaka safu ya mwisho. Mama alinipigia simu akilia. Mjomba hakupiga. Hakuondolewa ulinzi, ila alirudi nyumbani na jina jipya: Anaongeza. Hata watoto walimwita hivyo.

Siku ileile nilifuta maelezo. Mstari wa kupunguza niliuacha. Aliyezoea kuongeza ataongeza tu, nilijiambia. Sikumwamini, basi.

Kiangazi kilipokolea, API ikajibu kwamba lambo lake liko alama ya tatu. Mtendaji akalifunga kwa mifugo. Siku kadhaa baadaye nikapata ujumbe wa mjomba: "Njoo upime."

Nilipanda basi hadi Handeni, kisha bodaboda. Nikamkuta amesimama ukingoni.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Maishani mwangu alikuwa hajawahi kuniacha na shikamoo mdomoni. Alininyooshea nguzo kwa kidole. Maji yalikuwa kwenye alama ya tano.

"Tangu mkutano ule sijaongeza hata unywele," alisema. "Soma mwenyewe, wewe uliyesomeshwa."

Niliketi chini, nikafungua kompyuta mapajani na kuufuta mstari ule, mtandao ukikatika na kurudi. Nikamwambia nampigia mtendaji, lambo linafunguliwa sasa hivi.

"Unamfungulia nani?"

Alikuwa amewaswaga ng'ombe wake hadi mto Pangani kutafuta maji. Wawili walifia njiani, waliobaki akawauza hukohuko. Nilimwomba radhi, akageuka akaenda zake.

Kesho yake asubuhi ujumbe wake ulifika saa ileile ya kila siku.

"Tano. Punguza utakavyo."