Siku Dullo Alipoongeza Neno

Watu wa mtaa wa Kiwanjani walipenda kumchokoza Dullo. "Dullo, bibi yako anasema chakula kiko tayari!" Naye bila kucheka alijibu, "Alisema kwamba chakula kilikuwa tayari. Sasa kimepoa."

Kiingereza alijifunza mwenyewe, na somo alilolipenda zaidi ni lile la kugeuza maneno ya mtu kuwa usemi wa taarifa. "Mimi" inakuwa "yeye", "leo" inakuwa "siku ile", lakini maana haiguswi. Ndiyo sababu korti ilimwandika mkalimani wa Kiborana mwaka wa sabini na sita. Kwa miaka mingi alisimama kati ya hakimu na wafugaji, akigeuza bila kutia chumvi.

Kisha akaletwa mzee Halake kutoka Sericho. Ngamia wa mfanyabiashara mmoja walikuwa wamepotea.

"Uliwachukua?" hakimu akauliza.

Mzee akaegemea fimbo yake. "Niliwachukua mimi. Nitalipa."

Wafugaji wote waliokuwa pale walijua kwamba vijana wa ukoo ndio waliowaswaga, mzee akiwa mgonjwa nyumbani. Lakini kwa Waborana kosa la kijana ni la ukoo mzima, na mzee ndiye hulikubali kwa kinywa chake, kisha ukoo hukaa ukalipa. Halake alijibu kama yuko mbele ya wazee wenzake. Hapa, jibu lile lilikuwa jela.

"Alisema kwamba aliwachukua yeye, na kwamba angelipa," Dullo akasema. Hakimu akainama kuandika.

"Mheshimiwa, kuna jambo..."

"Ni yeye amesema, ama ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nyamaza. Mkalimani hana maneno yake."

Dullo akatoka mahali pake, akaenda kusimama kwenye kizimba cha mashahidi. "Basi niapishwe, mheshimiwa. Niongee kama Dullo."

Mzee akashtuka. "Mwanangu, kwani nimesema vibaya?"

"Hapana, aba. Umesema vizuri. Sasa ni zamu yangu."

Akaeleza yote. Kesi ikaahirishwa, wazee wengine wakaitwa kuthibitisha, ukoo ukalipa, Halake akarudi kwao. Mkalimani mwingine akatafutwa. Watu wa korti walisema aliyeongeza neno mara moja hawezi kuaminiwa tena, na Dullo hakubisha, kwa sababu kweli aliongeza.

Jioni ya siku aliyoachishwa kazi alimkuta mkewe Abiba mlangoni. Alimsogezea kigoda, akampakulia chakula kikiwa bado moto.