Viraka vya Swichibodi Mbili

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokalishwa mbele ya ubao wa simu, yaani swichibodi, wa shamba la mkonge, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu Kigombe. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi hiyo hiyo. Mwanamume aliyekuwa akipokea simu alihamia bandarini Tanga, na meneja alipouliza nani anajua kusoma, ana sauti ya kusikika na hachelewi, baba akanitaja mimi. Meneja akasema nijaribiwe mwezi mmoja. Mwezi ukapita, hakuna aliyeniambia niondoke, basi nikabaki.

Ubao wenyewe ulikuwa kama kabati la mninga lenye matundu mstari kwa mstari, na juu ya kila tundu kikope kidogo cha shaba. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kikope chake kinaanguka, nami najua nani anaita. Nachomeka waya kwenye tundu lake, namsikiliza anamtaka nani, nachomeka waya wa pili kwenye tundu la huyo anayetakiwa, nazungusha mkono, kengele inalia kwake. Baada ya wiki mbili niliweza kuwajua watu kwa namna wanavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Kisha shamba letu likaunganishwa na shamba jirani, simu zikawa nyingi kuliko matundu. Likaletwa kabati la pili, jipya, likawekwa ubavuni mwa la kwanza. Kati ya makabati hayo mawili zilipitishwa njia tano za waya. Mtu wa ubao wa zamani akimtaka mtu wa ubao mpya, au kinyume chake, nilimpitisha katika njia yoyote iliyokuwa wazi. Kazi ya kuunganisha ilifanywa na fundi kutoka Tanga, mzee wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe. Alichukua siku nne. Siku ya nne homa ilimshika vibaya, akarudishwa mjini kwa gari la shamba akiwa amefunikwa blanketi. Baadaye alituma habari kwamba kazi imekwisha na njia zote zimepimwa.

Wiki iliyofuata malalamiko yakaanza. Mtu wa karakana anasema ameomba stoo mara tatu, stoo wanasema hawajasikia kengele. Kesho yake mambo yako sawa. Keshokutwa tena kimya. Upande wangu hapakuwa na dalili yoyote: mkono nilizungusha, sauti ya waya ilikuwa ile ile. Watu wakaanza kusema yule binti anasinzia.

Alasiri moja nyapara wa kambi ya mbali alipiga. Mke wa mkata mkonge mmoja alikuwa na uchungu tangu asubuhi na mtoto hatoki. Alimtaka mama mkunga wa zahanati. Kambi ile ilikuwa kwenye ubao mpya, zahanati kwenye ubao wa zamani. Nikachomeka, nikapiga. Hakuna jibu. Nikapiga mara ya pili, ya tatu, ya nne.

"Hayupo," nikamwambia nyapara. "Labda anaswali. Ngoja kidogo."

Nyapara hakungoja. Alimtuma mtu mbio kwa miguu. Mama mkunga alifika kambini kwa lori jua likizama. Mtoto alitoka amechoka, hakulia mpaka aliponyunyiziwa maji, lakini alilia, na mama yake akapona.

Asubuhi mama mkunga alikuja ofisini. Alikuwa mtu mzima wa Pangani, mpole, asiyependa kuzungumza mbele za watu. Alisubiri mpaka chumba kikabaki na sisi wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi. "Nilikukosea nini?"

Sikuelewa. Akasema, "Jana tangu adhuhuri nilikuwa nimekaa karibu na ile simu, nashona. Haikulia hata mara moja. Kama una kinyongo na mimi, niambie. Lakini usiwaadhibu wazazi."

Nililia pale pale. Nikamwapia kwamba nilipiga mara nne. Akasema ananiamini, ila meneja haniamini, na hilo nilikuwa nalijua tayari. Meneja alikuwa ameniita asubuhi ile ile akanipa wiki moja. Malalamiko yakiendelea, ataleta mwanamume.

Jioni nilirudi nyumbani na baba. Tulipofika penye minazi ya kwanza ya Kigombe ndipo aliposema, "Kosa likiwa lako, likubali. Likiwa si lako, usilie. Lionyeshe lilipo." Kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Sijui utalionyeshaje, lakini."

Nililala na maneno hayo. Asubuhi nikampigia mama mkunga, nikamwomba akae karibu na simu yake saa saba mchana, wakati watu wanakula na simu ni chache. Nitampigia nikiwa upande wa ubao mpya, kila mara nikitumia njia moja kati ya zile tano. Akisikia, ajibu. Asiposikia, basi.

Njia ya kwanza alijibu. Ya pili alijibu. Ya tatu kimya. Ya nne alijibu. Ya tano kimya.

Nikampigia tena kwa njia ya kwanza nikamwambia nimepata. Akasema, "Bado. Mgonjwa akipona mara moja si ushahidi wa dawa. Kesho anza na ya tano urudi nyuma, na usiniambie uko njia ipi." Tukafanya hivyo, kesho na keshokutwa. Kila mara ya tatu na ya tano zilikuwa kimya. Nikaelewa kwa nini asubuhi zenye utulivu hakuna aliyelalamika: simu zikiwa chache nilitumia njia ya kwanza na ya pili tu. Shughuli zikiwa nyingi ndipo nilipofika kwenye ya tatu na ya tano, na hapo ndipo watu walipopotea.

Niliyaandika yote kwenye karatasi, baba akaipeleka karatasi ofisini kwa meneja. Fundi akaitwa.

Alikuja amekonda, koti likimning'inia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaisoma karatasi yangu amesimama. "Njia zote nilizipima mwenyewe," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtoto wake.

"Sikatai, Bwana Fundi. Lakini zisikilize."

Akazisikiliza. Mama mkunga kule zahanati akajibu tatu, akanyamaza mbili. Fundi akavua koti, akafungua migongo ya makabati yote mawili. Ndani ya kila kabati kulikuwa na kitabu cha michoro ya nyaya. Ndipo nilipoona mara ya kwanza kitu alichokiita viraka. Watengenezaji wa ubao walikuwa wakigundua kasoro baada ya kuuza, basi walituma vijikaratasi vya masahihisho: waya huu usiende hapa, uende pale. Kazi ya fundi ilikuwa kuvibandika kwa gundi juu ya mchoro wa zamani, kisha kubadilisha waya wenyewe ufuate mchoro mpya.

"Hesabu viraka," akaniambia.

Viraka vilikuwa na namba: kitabu cha ubao wa zamani kiliishia namba sita. Cha ubao mpya kiliishia namba nane. Ubao mpya ulitoka kiwandani tayari una masahihisho yote manane, na ule wa zamani ulitakiwa kufikishwa hapo, njia moja baada ya nyingine, ili pande mbili zielewane. Fundi akaingiza taa nyuma ya kabati la zamani. Njia ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na lehemu mpya inayong'aa. Ya tatu na ya tano zilikuwa na lehemu ya zamani, nyeusi, haijaguswa.

Alikaa chini sakafuni. "Nakumbuka nimezimaliza," akasema. "Nakumbuka hata kiraka cha mwisho nilivyokibandika." Akajishika paji la uso. "Homa ile, binti. Nilizimalizia kitandani."

Nilikwenda kumletea maji, naye akanywa yote bila kupumzika.

Kazi tuliifanya pamoja, kwa sababu macho yake yalikuwa bado mabovu kwa homa na maandishi ya viraka yalikuwa madogo kama mchwa. Nilimsomea namba za nyaya, yeye akalehemu. Njia ya tatu ikakubali mara moja. Ya tano ikatutesa. Kengele ililia zahanati, na kwa meneja ikalia pia, hata akatoka ofisini kuuliza nani anamtaka. Fundi alifungua akafunga, akafungua tena. Mimi nikarudi kwenye kitabu cha ubao mpya. Nikahesabu viraka kwa kidole, nikafika cha sita, halafu cha nane. Cha saba hakipo. Nikapitisha kucha pembeni mwa karatasi, zikaachana mbili: unyevu ulikuwa umegandisha cha saba nyuma ya cha nane.

"Bwana Fundi, tumeruka kimoja."

Akakisoma kwa kukisogeza karibu na taa. Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Kwenye zile nyingine, hata ya tatu leo, nilikifanya bila kukitazama, nilikuwa nakijua kwa moyo. Kwenye ya tano nimechoka, nimekutegemea wewe unisomee, nawe umesomea kilichoonekana." Akanipa pasi ya kulehemu. "Huu waya mmoja, uweke wewe."

Nilijiunguza kidole cha shahada, na lehemu yangu ilikuwa donge baya. Lakini tulipopiga, kengele ya meneja ilitulia, na kwenye masikio yangu ikaja sauti ya mama mkunga, taratibu: "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia vizuri."

Fundi hakuondoka kimyakimya. Alivaa koti lake, akaniambia nimfuate, akaingia kwa meneja na kusema mbele yangu kwamba kosa lilikuwa lake tangu mwanzo na kwamba bila mimi angekuja mara tatu asilione. Meneja alisema, "Basi, arudi kazini." Hakuomba radhi. Nilitamani aombe, nisingekuwa mkweli nikisema sikutamani. Lakini nilipopita mezani kwa baba alikuwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi zake, na kalamu yake haikuwa ikiandika chochote.

Tangu hapo nilibandika ndani ya kila kabati karatasi yenye safu: njia gani, kiraka kipi, nani kafanya, kimepimwa na nani. Fundi alipenda jambo hilo. Miezi kadhaa baadaye alileta ombi kwa meneja: shamba moja upande wa Muheza lina makabati mawili yasiyosikilizana, na anahitaji mtu wa kumsomea viraka. Meneja akaniruhusu siku mbili. Baba aliandamana nami hadi kituo cha gari, akanipa kofia yake ya jua ambayo ilinizidi kichwa.

Kule Muheza mpokea simu alikuwa mwanamume wa makamo. Alimtazama fundi, akanitazama mimi, akauliza binti huyu amekuja kufanya nini.

"Kuhesabu," fundi akasema.

Yule bwana akainuka, akafuta kiti chake kwa kitambaa, akanivutia nikae.