Ndagala anakula nini

Nina miaka sabini na kitu. Nimepona ndui, nimezika wake wawili, na mitumbwi saba imeoza mimi nikiwapo.

Juma hili ndiyo nimeliona ziwa!

Yule Mudachi anayekusanya samaki anapanga masomo ya chuo cha kwao. Vijana watasoma viumbe miaka mitatu. Akaniuliza waanze na nini.

Ningekosea, angekwenda kuuliza wavuvi wa Gitaza. Wale!

Nikampangia. Kwanza mamba, kisha sangala, yule samaki mukubwa, kisha mukeke wa kadiri. Ndagala, dagaa wetu wadogo, mwisho.

"Ndagala anakula nini, muzee?"

"Maji tu, Bwana."

Maryamu, anayetuanikia samaki, akacheka. "Umewahi kumupasua?"

Sasa nani anapasua ndagala? Tunamula muzima, na tumbo lake! Wengine wote nimewapasua mimi.

Mudachi akampasua mmoja kwa sindano, akaweka tumbo chini ya kioo chake cha kukuza. Nikachungulia.

Ndugu zangu, ndani iko wadudu! Wana miguu. Wana pembe.

Akaweka tone la maji ya ziwa. Wadudu wale wale, wazima, wanarukaruka. Na maji hayo nayanywa tangu kuzaliwa.

Nikasema, "Bwana, futa mamba. Waanze na tone."

Akaandika hivyo hivyo. Kwa hiyo masomo yale yamepangwa na mimi.

Karatasi hii naibandika hapa mwaloni, mitumbwi inapofikia, mwenye neno aandike chini.

Asiyeamini amuulize Maryamu, naye alichungulia. Tangu hapo anaanika ndagala mmoja mmoja, kwa adabu.