Mapigo Mawili ya Kimya

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta, hapa Machakos mjini, nikingoja barua yangu ichapwe, mwalimu mzee wa kwaya kutoka Kalama alipokuja kuandikiwa wimbo wake. Aliimba kwa do-re-mi huku akigonga mapigo mezani kwa kidole. Dada wa saiba alimfuata kwenye kinanda kidogo kilichounganishwa na kompyuta, na kila alichobonyeza kilijiandika nota kwenye skrini.

Katikati ya ubeti mzee alinyamaza, lakini kidole kiliendelea kugonga. Kompyuta nayo ikaandika alama ya kimya.

"Mwalimu, hapa mapigo mawili haina kitu. Nitoe?"

"Wacha hivyo. Mama watoto alikuwa na pumu. Hapo ndio alikuwa anavuta pumzi, kwaya yote inamngoja."

"Na siku hizi anaendelea aje?"

"Tulimzika mwaka jana. Lakini bado tunamngoja."

Dada aliondoa mkono kwenye kipanya, polepole.

Mimi ni mtu wa kugombana na kompyuta, lakini hiyo niliisamehe, maana ilikiandika kile kimya. Wimbo ukifika kwa kwaya za Matuu au Athi River, watu watanyamaza hapo hapo, bila kujua wanamngoja nani.