Hakuna wa kuchanganya dawa Alhamisi

Hospitali moja hapa Musoma haina tena muuguzi wa kuchanganya dawa za saratani. Amesema hivyo leo mchana msimamizi wa wodi, mbele yangu.

Nilikwenda kuuliza habari za glavu za kuchanganyia dawa, niandike.

Zile nene zimekwisha. Wauguzi wanavaa za kawaida, mbili mbili. Dawa hizi zinapigana na saratani, lakini zikimgusa anayezichanganya zinaweza kumdhuru yeye, na hata mtoto aliye tumboni.

Msimamizi akanituliza: "Mwenye mimba hagusagi hizi dawa. Akisema tu, tunamtoa."

Akisema. Nanyi mnajua kwetu mimba changa haitangazwi.

Muuguzi aliyekuwa anachanganya pale pembeni yetu akaweka bomba la sindano chini. Akavua glavu.

"Sista, nitoeni."

"Kumbe na wewe? Mbona hukusema?"

"Mimba mbili zilitoka nikiwa chumba hiki hiki. Sikusema. Hii nasema, hata mama mkwe hajaambiwa."

Msimamizi akakaa. Akasema hana tena wa kuchanganya: muuguzi mwingine pekee aliyefundishwa kazi hiyo yuko likizo ya uzazi.

"Sasa mwanangu, wagonjwa niwaambie nini?"

Muuguzi akanigeukia mimi. Akasema: "Andika, ila jina langu usiweke."

Sijaweka. Ninyi mngekuwa yeye, mngesema lini?

Nje nilimkuta mama kutoka Bukima, anatibiwa saratani ya titi. Dawa yake ya leo haikuchanganywa. Ameambiwa arudi Alhamisi saa mbili asubuhi.

Nani atachanganya, hajaambiwa.